Gari lililogoma kuwaka: yadi iliyoniuzia na fundi umeme aliyelipima

Tathmini hii inahusu huduma mbili nilizozilipia kwa ajili ya gari moja. Ya kwanza ni huduma ya baada ya mauzo ya yadi moja ya magari ya mtumba jijini Dar es Salaam, ambayo nitaiacha bila jina kwa sababu mazungumzo yetu kuhusu stata, yaani mota inayozungusha injini ili iwake, bado hayajakwisha. Ya pili ni huduma ya fundi umeme wa magari anayemfuata mteja alipo, akiwa na begi la mgongoni na maltimita, kifaa cha kupimia umeme. Katika wiki tatu za kwanza gari langu liligoma kuwaka mara saba. Yadi ilinibadilishia betri, kisha ikanibadilishia stata, na gari likaendelea kugoma vilevile. Fundi alikaa nalo saa mbili na nusu, hakubadilisha kifaa kikubwa hata kimoja, na tangu siku hiyo, sasa ni mwezi wa nne, linawaka mara moja tu ninapogeuza ufunguo.

Gari lenyewe ni Toyota IST ya toleo la kwanza, lile lililotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2007 na ambalo ni ndugu wa damu wa Vitz. Namba yake ya chesisi inaanza na NCP60, kwa hiyo injini yake ni 2NZ-FE ya lita 1.3, anayetaka ya lita 1.5 atafute NCP61. Ni gari la namba D, yaani lilikwisha kutembea hapa nchini miaka kadhaa kabla ya kunifikia, jambo ambalo wauzaji hulitaja kwa sauti ya chini na ambalo kwangu lilikuja kuwa na uzito kuliko kilomita zilizosomeka kwenye dashibodi. Nililinunua kwa shilingi 11,800,000. Bodi ilikuwa safi, gia zilibadilika bila kushtuka, kiyoyozi kilitoa baridi ya kweli, na namba ya chesisi ilikubaliana na kadi ya gari. Kwa upande wa makaratasi sina lawama na yadi hiyo hata kidogo: uhamisho wa umiliki ulikamilika ndani ya siku nne, bila mtu yeyote kuniomba hela ya soda.

Siku ya kununua kulikuwa na jambo nililoliona nisilielewe. Nilifika saa nne asubuhi nikakuta gari limekwisha kuwashwa na boneti ni ya moto. Pembeni, kijana mmoja alikuwa akizunguka kati ya safu za magari amebeba betri begani, juu ya kitambaa alichokikunja mara nne; anaifunga kwenye gari hili, analiwasha, analisogeza, anaifungua, anaihamishia kwenye gari linalofuata. Nilimsifu moyoni kwa uchapakazi. Sasa ninajua kwamba gari linalowashwa kwa betri ya kuzungushwa halijapata kulala usiku kucha na betri yake lenyewe likaamka asubuhi, na huo ndio mtihani niliopaswa kuudai kabla ya kutoa hata shilingi moja. Ningewapigia simu jioni, nikawaomba wasiliguse, nikaenda kuliwasha mwenyewe saa moja asubuhi injini ikiwa baridi. Sikufanya hivyo, na kosa hilo ni langu.

Liligoma kwa mara ya kwanza Jumatatu, nikiwa nimelichukua Ijumaa jioni na kuliacha limeegeshwa nyumbani siku mbili. Niligeuza ufunguo, taa za dashibodi zikawaka vizuri, lakini nilipopiga stata nikasikia "tak" moja nzito chini ya boneti na taa zikafifia kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Nikajaribu tena: tak. Mara ya tatu hakukuwa na sauti yoyote, na taa hazikufifia. Hapa lazima nitue, kwa sababu tofauti kati ya majaribio yale mawili na lile la tatu ndiyo iliyobeba jibu lote, na mimi, yadi na fundi wa yadi, sote tuliipita kama abiria anayepita kituo kisicho chake.

Gari lisilowaka huwa linaeleza shida yake, ila kwa sauti zinazotofautiana. Stata ikizungusha injini kwa nguvu ya kawaida lakini injini isishike, betri na stata hazina kesi ya kujibu. Tatizo hutafutwa kwenye mafuta au kwenye moto wa plagi. Ikigonga tak-tak-tak mfululizo, kwa haraka, huo ni upungufu wa umeme, mara nyingi betri iliyoshuka chaji. Tak moja nzito huku taa zikififia maana yake stata imeipokea amri na inataka kuvuta umeme mwingi, lakini ama umeme wa kutosha haufiki, ama stata yenyewe imekwama. Kimya kabisa huku taa zikiendelea kung'aa maana yake amri haikufika kwenye stata, na hapo hutazamwa swichi ya ufunguo, fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), swichi ya gia inayozuia gari lisiwake likiwa kwenye D, au kitu chochote ambacho mtu amekichomeka katikati ya waya huo. Gari langu lilikuwa likitoa dalili mbili za mwisho kwa kupokezana. Lilikuwa na magonjwa mawili, na kila aliyeitwa alitafuta moja.

Asubuhi ile jirani yangu aliniokoa. Alileta gari lake karibu, akatoa nyaya za kubustia, akaunganisha waya mwekundu kwenye chanya za betri zote mbili, kisha ule mweusi akaubana kwenye hasi ya betri yake na, upande wangu, kwenye chuma kilichofungwa kwenye injini. Hivyo ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu cheche ya mwisho hairuki juu ya betri ambayo huenda inatoa gesi. Gari liliwaka kabla hajarudi kwenye usukani wake. Nikahitimisha, kama ambavyo yeyote angehitimisha, kwamba betri imeisha.

Nilipoipigia yadi, walipokea simu mara ya kwanza, na ninalisema hilo kwa sababu najua yadi ambazo mteja akishalipa namba yake huwa haipokelewi tena. "Mwalimu, usiwe na wasiwasi, tunamtuma fundi sasa hivi," aliniambia kijana wa mauzo. Sasa hivi yao ilikuwa kesho yake alasiri. Fundi alikuja na betri ya kwake na nyaya zake, akazibana kwenye nguzo za betri yangu, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, akaniambia nipige. Tak. Akabadilisha mkao wa nyaya, nikapiga tena. Tak. Akasimama, akafuta mikono, akatoa hukumu: betri imekufa kabisa, hata busti haikubali.

Maneno hayo niliyameza wakati ule, lakini kila nikiyakumbuka nashangaa. Betri mbili zikiwa zimeunganishwa pamoja, moja kati ya hizo ikiwa nzima, na gari bado likagoma, basi betri ndiyo ya kwanza kuachiwa huru. Tena jana yake gari hilohilo liliwaka kwa busti ya jirani. Tofauti pekee ilikuwa mahali ulipobanwa waya mweusi: jirani aliubana kwenye chuma cha injini, fundi wa yadi akaubana kwenye nguzo ya betri. Mtu aliyelisikiliza gari kwa dakika mbili angejua kuwa ugonjwa umekaa kati ya nguzo ile na injini.

Hatukulisikiliza. Dhamana ya yadi, ambayo ilikuwa ya mwezi 1, ilihusu "injini na gia" tu, na betri si injini wala si gia. Tukakubaliana tuchangie nusu kwa nusu, nikatoa shilingi 90,000. Betri mpya ilifungwa na gari likawaka siku tatu mfululizo. Siku ya nne likagoma shuleni saa saba mchana, mbele ya wanafunzi wa kidato cha pili, ambao walijitolea kulisukuma bila kujua kwamba gari la gia za kujiendesha haliwashwi kwa kusukumwa. Fundi wa yadi akarudi, akagonga stata kwa mpini wa nyundo, gari likawaka, na hukumu ya pili ikatoka: stata. Wakafunga stata ya mtumba kutoka maduka ya spea ya Ilala, mimi nikalipia ufundi shilingi 60,000, wao wakaondoka na stata yangu ya awali. Gari likakaa siku tano bila shida. Siku ya sita likagoma kituo cha mafuta, huku foleni ya bajaji nyuma yangu ikipiga honi.

Nimeambiwa na zaidi ya mtu mmoja kwamba yadi hiyo ilikuwa ikinihujumu. Sidhani. Walituma mtu kila nilipoita, na walitoa fedha zao mara mbili. Kilichokosekana ni kipimo. Katika ziara zote tatu, fundi wao hakutoa kifaa chochote cha kupimia mfukoni mwake. Alibadilisha kitu, akasubiri, akabadilisha kingine, na kila badiliko lilionekana kufaulu kwa siku chache kwa sababu ambayo haikuhusiana na kifaa kipya: ili ufunge betri lazima ufungue na kukaza temino, yaani vibano vya waya kwenye nguzo za betri, na kabla ya kugusa stata lazima uchomoe waya wa hasi kisha uurudishe. Kila mara waya ule mbovu ulikuwa ukitikiswa, ukashika kidogo, halafu mtikisiko wa barabara zetu ukaulegeza tena.

Fundi umeme nilipewa na mwalimu mwenzangu. Alisema atafika saa tatu Jumamosi, akafika saa tano kasoro, na kwa hilo ninampunguzia alama, maana alikuwa na simu mkononi muda wote na angeweza kunitaarifu. Aliniamkia, akakaa kwenye kigoda, na badala ya kufungua boneti akaniuliza maswali. Linagoma asubuhi au mchana? Likiwa limelala siku ngapi? Likigoma, linatoa sauti au linanyamaza? Taa zinafifia au zinabaki? Lilipobustiwa likawaka, waya mweusi ulibanwa wapi? Nilipomjibu swali la mwisho alitabasamu, akasema, "Basi mwalimu, hiyo ni ethi. Lakini tuipime, tusije tukaisingizia." Ethi ni ile njia ya waya mweusi inayorudisha umeme kutoka kwenye injini hadi kwenye betri.

Nitaeleza vipimo vyake kwa kirefu kidogo, kwa kuwa ndivyo nilivyovilipia. Alianza na betri ikiwa imetulia: volti 12.5. Betri nzima iliyojaa husoma karibu 12.6, hivyo betri yangu mpya ilikuwa salama. Kisha akaniomba niweke gia kwenye P, nivute breki ya mkono, nipige stata huku yeye ameshika ncha za maltimita moja kwa moja juu ya nguzo za betri. Tak, taa zikafifia, na maltimita ikasoma 11.7. Akanionyesha namba ile kwa kidole. Taa za dashibodi zilikuwa zimefifia kana kwamba umeme umekwisha, lakini betri yenyewe ilikuwa bado inao. Umeme ulikuwa unapotea njiani.

Kipimo cha tatu ndicho kilichomaliza kesi. Ncha moja aliiweka kwenye nguzo ya hasi ya betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, akaniambia nipige tena. Vitu hivyo viwili vimeunganishwa kwa waya mmoja mnene, kwa hiyo kati yao panatakiwa pasiwe na volti za maana. Volti 0.2 au 0.3 ni jambo la kawaida wakati stata inavuta, zikifika nusu volti unaanza kuuliza. Maltimita ilisoma 5.1. Yaani karibu nusu ya nguvu ya betri ilikuwa ikiliwa na kipande cha waya kisichozidi urefu wa mkono wangu. Alinikumbusha jambo ambalo nilipaswa kulijua tangu darasa la fizikia: umeme lazima urudi ulikotoka. Kila mtu hutazama waya mwekundu unaopeleka, na mara chache mtu huutazama ule mweusi unaorudisha.

Alipofungua temino ya hasi nilijionea mwenyewe. Kati ya nguzo ya betri na kibano chake kulikuwa na kipande cha bati lililokatwa kwenye kopo, bado kikiwa na rangi ya buluu ya maandishi, kimekunjwa ili kuziba nafasi. Betri za kijapani za ukubwa huo huja za aina mbili, za nguzo nyembamba na za nguzo nene. Ile yenye herufi S mwishoni mwa namba yake, kama NS60LS, ndiyo yenye nguzo nene. Aliyekuwa na gari kabla yangu aliwahi kufunga ya nguzo nene, kibano kikatanuliwa. Fundi wa yadi akafunga ya nguzo nyembamba juu ya kibano kilichotanuka, akaziba pengo kwa kopo. Lakini bati lile lilikuwa jambo dogo. Fundi umeme alichana plastiki nyeusi ya waya pale unapoingia kwenye temino, na ndani hakukuwa na shaba tena, kulikuwa na unga wa kijani. Akaukunja waya kidogo, nyuzi zikakatika moja baada ya nyingine kama mabua makavu. Kati ya nyuzi zote zilizopaswa kubeba umeme wa stata, zilizokuwa nzima alizihesabu kwa vidole vya mikono miwili. Hewa ya chumvi ya mji huu hufanya kazi hiyo taratibu, chini ya plastiki, mahali ambapo jicho la mnunuzi halifiki.

Waya mpya na temino mpya alikuwa navyo begini. Alisugua kwa msasa mahali waya unapofungwa kwenye bodi na kwenye gia mpaka chuma kikang'aa, akakaza, akapaka grisi kwa juu. Kipimo kilekile kikarudiwa: 0.2. Gari likawaka likinguruma kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu nilinunue, na nikadhani tumemaliza.

Yeye hakudhani hivyo, kwa sababu ethi mbovu haielezi kile kimya. Alizima na kuwasha mara nyingi, labda kumi na tano, na katika mojawapo likanyamaza, taa zikiwa zinang'aa. Alihamisha gia kwenda N, bado kimya, akaiondoa swichi ya gia kwenye orodha ya watuhumiwa. Ndipo akafungua plastiki ya chini ya usukani, na tukakutana na urithi wa mmiliki wa kwanza: alamu ya kichina ambayo rimoti yake sikuwahi kupewa, rilei yake ikiwa imekatiza waya unaopeleka amri kwenye stata, viungo vyote vimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu iliyokwisha kulainika kwa joto. Kazi ya rilei hiyo ilikuwa kumzuia mwizi. Miguu yake miwili ilikuwa imeungua na kuwa myeusi, kwa hiyo siku nyingine ilimzuia mwenye gari. Aliitoa yote, akaunganisha waya wa awali kwa lehemu, akaufunika kwa mpira wa kusinyaa kwa joto.

Kabla ya kuitoa alifanya kipimo ambacho sikukiomba. Alizima kila kitu, akafunga milango, akasubiri, kisha akapima umeme unaovuja gari likiwa limelala: ampea 0.38. Baada ya kuondoa alamu, ilishuka hadi 0.03. Nilichukua kalamu na kupiga hesabu palepale. Betri yangu ni ya takribani ampea-saa 45. Kutoka Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi ni kama saa 60. 60 mara 0.38 ni karibu 23, yaani nusu ya betri nzima imekunywewa na alamu ambayo hailindi chochote. Ndiyo sababu Jumatatu ilikuwa siku ya balaa kwangu. Mwisho alipima chaji injini ikiwa inaunguruma, taa kubwa na kiyoyozi vikiwa vimewashwa, akapata volti 13.9, akasema altaneta, ile inayochaji betri, haina neno.

Nililipa shilingi 30,000 kwa kuja na kupima, 25,000 kwa waya na temino, na 20,000 kwa kazi ya alamu, jumla 75,000. Kabla yake nilikwisha kutumia 150,000 kwa betri na stata, mbali na nauli za bodaboda za asubuhi nilizochelewa. Betri simlaumu mtu. Ya zamani huenda ilikuwa imechoshwa na alamu, ingawa hakuna aliyeipima kabla ya kuitupa. Stata ndiyo inayoniuma.

Kasoro za fundi huyu nizitaje wazi, kwa sababu tathmini isiyo na kasoro huwa imeandikwa na shemeji. Mbali na kuchelewa, alivunja kishikizo kimoja cha plastiki ya chini ya usukani na kukifunga kwa kamba ya plastiki, ambayo ninaiona kila ninapoingia garini. Hana risiti, alinipa karatasi ya daftari yenye namba ya simu na kiasi, jambo ambalo halimfai mtu anayetaka kudai baadaye. Dhamana yake ni ya mdomo, mwezi 1, ingawa wiki ya pili alipiga simu mwenyewe kuuliza gari linaendeleaje, na mimi sikumbuki mara ya mwisho fundi aliponitafuta bila kudai salio. Maelezo yake anayatoa kwa haraka, kwa lugha ya gereji, na asiyeuliza ataachwa njiani. Pamoja na hayo nitamwita tena, na nimekwisha kumpeleka kwa majirani wawili.

Yadi ningeirudia kwa sharti. Magari yao si mabaya, makaratasi yao ni safi, na hawakimbii simu. Lakini anayenunua kwao aisome dhamana kabla ya kusaini, aone kwamba "injini na gia" huacha nje karibu kila kitu kinachoweza kulifanya gari la umri huu ligome, kuanzia betri hadi swichi. Aombe kipengele cha mfumo wa umeme kiongezwe kwa kalamu, hata kama ni kwa wiki mbili. Wakikataa, aende na fundi mwenye maltimita siku ya kukagua. Aulize pia kama kuna alamu iliyofungwa nchini na rimoti yake iko wapi. Kijana wa mauzo nilipomuuliza baadaye, alinijibu kwa utulivu kwamba magari mengi ya namba D yanazo na wateja huwa hawaulizi.

Kuhusu stata: niliwaeleza kwa maandishi kwamba ile ya awali ilikuwa nzima, nikaambatanisha vipimo vya fundi, nikaomba nirudishiwe pamoja na gharama za kuifunga. Walikubali kurudisha stata, gharama wakakataa. Nilipokwenda kuichukua walinipa moja iliyofungwa kwenye gazeti, nikaifungua palepale kaunta, nikakuta ina mashimo matatu ya bolti wakati ya gari langu ina mawili. Nikairudisha. Wamesema yangu bado iko gereji na watanipigia itakapoletwa. Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Wakati natoka, yule kijana alikuwa safu ya pili, ameishusha betri yake kutoka begani na anakaza temino kwenye Vitz nyeupe, na mteja wake alikuwa bado anaegesha pikipiki nje ya geti.